Kamera ya soka ni fokasi kwanza, megapikseli baadaye

Bango la matangazo linasomeka mpaka namba ya simu. Nyasi zinahesabika moja moja. Shabiki wa jukwaani nyuma ya goli anaonekana hadi meno. Ila straika aliyefunga bao, yule ambaye picha nzima ilipigwa kwa ajili yake, ana uso wa ukungu kama anatazamwa kupitia kioo cha bafuni.

Picha za namna hii mashabiki wanakutana nazo kila wiki, kwenye kurasa za klabu mitandaoni, magazetini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Lawama zote anabebeshwa mpiga picha. Mzembe huyo, mikono inamtetemeka, alikuwa bize kushangilia. Ni mara chache sana lawama zinamfikia aliyekwenda dukani kununua kamera, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kesi.

Dukani swali la kwanza halibadiliki: "Hii ina megapikseli ngapi?" Ikiwa na 24 inaonekana ya kawaida. Ikiwa na 45, macho yanametameta. Ikiwa na 61, pesa inatolewa bila kuuliza la pili. Hakuna anayeuliza kamera hiyo inamfuataje mtu anayekimbia huku wenzake wanne wakimpitia mbele.

Kamera zinazobishaniwa hapa ni za fulu fremu, yaani zenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu moja ya mikanda ya filamu ya zamani. Ndizo zinazotumiwa na wengi wa wale jamaa wenye vizibao wanaokaa nyuma ya magoli kwenye mechi kubwa. Ndani ya familia hiyo ya fulu fremu kuna mambo mawili ya kulinganisha, otofokasi na ubora wa picha. Kwa soka jibu lisizungushwe. Otofokasi inatangulia. Ubora unakuja nyuma yake, na idadi ya pikseli inakuja nyuma zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Mpiga picha amekaa nyuma ya goli na lenzi ya milimita 400, ameifungua hadi f/2.8 ili aingize mwanga mwingi. Straika anakuja, yuko umbali wa mita 20. Kwa umbali huo, eneo linalotoka kali kuanzia mbele hadi nyuma ni kama sentimita 40 tu. Mbele ya hapo ukungu, nyuma ya hapo ukungu. Mchezaji anayekimbia mita nane kwa sekunde anazivuka sentimita 40 hizo ndani ya sehemu moja ya 20 ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Katika muda huo kamera inatakiwa imtambue straika, ipime umbali wake, ikisie atakuwa wapi wakati picha inapigwa, isukume vioo vya ndani ya lenzi hadi hapo, kisha ipige. Halafu irudie, na irudie tena. Beki akikatiza mbele, isidanganyike ikamfuata beki. Kipa akitoka golini, isimkimbilie kipa. Kwenye kona ndiyo balaa kabisa: watu 15 wamesongamana kwenye boksi, wote wanaruka kwa pamoja, jezi zinafanana, na mwenye mpira hajulikani mpaka ameshaupiga kichwa.

Hiyo ndiyo kazi ya otofokasi. Ubora wa picha ni kazi nyingine: rangi, undani wa vitu vidogo, kuona usiku bila chenga, kubeba jua na kivuli kwenye fremu moja. Yote mazuri. Lakini picha yenye sifa hizo zote, kama fokasi imekaa kwenye bango, basi ni picha bora ya bango.

YALIANZA ZAMANI

Mabishano haya si ya juzi. Mwaka 2008 Nikon walitoa D700, na miezi michache baadaye Canon wakajibu kwa 5D Mark II. Zote fulu fremu, na bei zao zilipotoka zilikuwa jirani, Dola 2,999 kwa Nikon na Dola 2,699 kwa Canon. Canon ilikuwa na megapikseli 21.1, Nikon 12.1. Kwa anayehesabu pikseli, mechi imeisha kabla ya mapumziko.

Ila D700 ilikuwa na pointi 51 za fokasi, mfumo uleule wa dada yake mkubwa D3, na ilipiga picha tano kwa sekunde. 5D Mark II ilikuwa na pointi tisa za kuchagua na haikufika hata picha nne kwa sekunde. Wapiga picha za harusi na watu wa video waliipenda Canon ile hadi leo wanaikumbuka, na walikuwa na haki. Bwana harusi hakimbii. Uwanjani ilikuwa kesi nyingine, maana winga akishageuka na kuchomoka, pointi tisa zilizobanana katikati ya fremu zinabaki zinatafuta.

Mwaka mmoja kabla, yaani 2007, Canon walikuwa wameshaonja uchungu wa fokasi. Kamera yao ya michezo, EOS-1D Mark III, ilikuwa na kila kitu cha kujivunia, picha 10 kwa sekunde na rangi safi. Sensa yake ilikuwa ndogo kidogo kuliko fulu fremu, lakini kwa wakati ule hicho hakikuwa kilio. Kilio kilikuwa kwamba fokasi inampoteza mtu anayekimbia. Canon wenyewe walikiri kuwapo kwa tatizo kwenye kioo kidogo cha ndani na kamera zikaitwa matengenezo. Mwaka huohuo Nikon wakaleta D3, fulu fremu yao ya kwanza kabisa: megapikseli 12.1, pointi 51, picha tisa kwa sekunde. Pembeni mwa viwanja vya Ulaya, ambako lenzi nyeupe za Canon zilikuwa zimetawala kama jezi za nyumbani, nyeusi za Nikon zikaanza kuonekana tena.

Ukweli usemwe, D3 haikushinda kwa fokasi peke yake. Usiku ilipiga kwa ISO 6400 na picha ikafaa gazetini, jambo ambalo kwa enzi ile lilikuwa noma. Iliwezekana kwa sababu megapikseli zilikuwa chache kwenye sensa kubwa, kila pikseli ikapata nafasi ya kukusanya mwanga. Kwa hiyo hata kwenye ubora, uchache wa pikseli ndio uliobeba timu.

Canon walisoma mchezo. Walipotoa 5D Mark III mwaka 2012, pikseli waliziongeza kiduchu tu, kutoka 21.1 hadi 22.3. Walichobadilisha ni fokasi, kutoka pointi tisa hadi 61, mfumo wa ukoo mmoja na ule wa 1D X, kamera yao kubwa ya michezo. Kampuni haitumii fedha zake bure. Ilijua wateja wake wanapolia wanalia nini.

KIOO KIKAONDOKA

Kamera zote hizo zilikuwa na kioo ndani. Mwanga unaingia kwenye lenzi, kioo kinaupeleka kwenye jicho la mpiga picha, na sehemu ndogo inashushwa chini kwenye kifaa cha fokasi. Tatizo ni kwamba kifaa hicho hakikuweza kuona fremu nzima. Nikon D5 ya mwaka 2016 ilikuwa na pointi 153, namba kubwa kweli, lakini zote zimejazana katikati. Mpiga picha akitaka kumweka straika pembeni ili nafasi ya katikati ionyeshe mpira na kipa, anakuwa ametoka nje ya himaya ya fokasi.

Mwaka 2017 Sony wakaleta A9, isiyo na kioo. Pointi za fokasi zikahamia juu ya sensa yenyewe, 693, zikafunika karibu fremu yote. Ilipiga picha 20 kwa sekunde bila giza kuingia kwenye kitazamio, na ilipima fokasi mara 60 kila sekunde. Rudi kwenye straika wa mita 20: ndani ya ile sehemu moja ya 20 ya sekunde, A9 inapima mara tatu. Sony A1 ya mwaka 2021 inapima mara 120 kwa sekunde, maana yake mara sita katika muda huohuo. Hapo ndipo bao la kichwa linapoanza kutoka na macho makali ya mfungaji, na si nyasi kali.

Julai 2020 shirika la habari la AP lilitangaza kwamba wapiga picha wake watatumia Sony. Shirika lenye wapiga picha dunia nzima halifanyi usajili wa namna hiyo kwa kusukumwa na mashabiki.

Kisha zikaja kamera zinazotambua. Zinatambua jicho, uso, kichwa, na mwili hata mchezaji akigeuza mgongo. Canon EOS R1, iliyotangazwa Julai 2024, imefundishwa kusoma mchezo: kwa soka, kikapu na wavu inaangalia mkao wa wachezaji na ulipo mpira, inahamisha fokasi yenyewe kwa yule anayefanya tukio. Mpiga picha anaweza pia kuiingizia nyuso za watu 10 ambao anataka wapewe kipaumbele. Ukitaka kamera imfuate namba tisa tu hata akiwa katikati ya msongamano, unamsajili kabla ya mechi. Dirisha la usajili halifungwi.

Sasa shabiki aangalie namba hizi vizuri. R1, kamera ghali kuliko zote za Canon za aina hii, ilitoka kwa Dola 6,299, zaidi ya Sh15 milioni, tena bila lenzi. Ina megapikseli 24.2. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023 na kuuzwa Dola 6,000 hivi, ina 24.6. Ndani ya makampuni hayohayo kuna kamera za bei ya chini zenye pikseli nyingi zaidi. Canon R5 Mark II ilitangazwa siku moja na R1, ina megapikseli 45, na ilikuwa na bei ya Dola 4,299. Yaani anayetengeneza kamera anamwambia mteja wa michezo: lipa zaidi, upate pikseli chache. Na mteja wa michezo analipa.

Kuna mfano mdogo zaidi, wa watu wa kipato cha kawaida. Canon EOS R ya mwaka 2018 ilikuwa na megapikseli 30.3, lakini ikiwa inamfuata mtu anayekimbia ilishuka hadi picha tano kwa sekunde. Miaka miwili baadaye ikaja R6 yenye 20.1, picha 12 kwa sekunde, na fokasi inayong'ang'ania jicho la mchezaji. Bei zao mpya hazikupishana sana, Dola 2,299 na 2,499. Anayekwenda kununua zilizotumika leo akiongozwa na pikseli atatoka na EOS R huku akijiona kapiga bao. Jumamosi uwanjani atajua nani kapigwa.

UPANDE WA PILI UNA HOJA

Wanaotetea ubora wa picha si wajinga. Wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote inaitwa usiku.

Mechi ya saa 1:00 usiku inatakiwa ipigwe kwa kasi ya shata ya angalau sehemu moja ya elfu ya sekunde, la sivyo mguu wa mpigaji unatoka kama feni. Mwanga wa taa za uwanja hautoshi kwa kasi hiyo, kwa hiyo ISO inapandishwa. ISO ikipanda, chenga zinaingia. Si chenga za winga, ni zile punje punje zinazoichafua picha. Kamera isiyo na ubora hapo inamgeuza mchezaji mweusi kwenye kivuli kuwa doa lenye jezi.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inamgusa mtu tofauti na anayedhaniwa. Fulu fremu yenyewe ndiyo iliyoshamaliza sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa sensa yake ina eneo zaidi ya mara mbili ya zile ndogo za APS-C. Ukishaingia ndani ya familia hiyo, ukachukua kamera mbili za kizazi kimoja, moja ya 24 na nyingine ya 45, ukaziangalia picha zake kwa ukubwa mmoja, tofauti ya chenga ni ndogo mno kiasi kwamba shabiki hatoiona hata akivaa miwani.

Tofauti kubwa iko kwenye lenzi. Lenzi ya f/5.6 inaingiza robo tu ya mwanga wa ile ya f/2.8. Palepale alipokaa jirani yake mwenye f/2.8 akipiga kwa ISO 3200, mwenye f/5.6 anatakiwa apande hadi 12800. Na si chenga peke yake. Fokasi nayo inaishi kwa mwanga, lenzi ikiwa na giza inaanza kusitasita, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na bao limeshaingia. Mtu aliyetumia fedha zote kwenye mwili wa kamera wenye megapikseli 61, akabaki na lenzi ya f/5.6, amenunua straika wa bei mbaya halafu hana kiungo wa kumpa pasi.

Lenzi hizo nazo si mchezo. Milimita 400 f/2.8 za Sony na Canon zilitoka kwa Dola 11,999 kila moja, na ya Nikon ya mwaka 2022 kwa Dola 13,999. Karibu mara mbili ya kamera yenyewe. Ndiyo maana picha ya 70-200 ya f/2.8 iliyotumika bado ni mkombozi wa wapiga picha wengi.

Kuna hoja ya pili ya ubora ambayo haisemwi sana, nayo ni jua. Mechi ya saa 10:00 jioni, nusu ya uwanja iko kwenye jua kali na nusu nyingine kwenye kivuli cha jukwaa. Mchezaji mwenye jezi nyeupe anatoka kivulini na kuingia juani. Kamera yenye sensa nzuri inabeba vyote, jezi haiungui na uso unaonekana. Lakini hapo faida kubwa anaipata anayepiga RAW, lile faili ghafi linaloruhusu kuvuta vivuli baadaye. Mpiga picha wa gazeti anapiga JPEG, anachagua tano wakati wa mapumziko na kuzituma kwa bando la simu. Hana muda wa kuvuta kivuli. Na faili la megapikseli 61 linakula bando kama dereva wa lori anavyokula ugali.

Halafu picha hiyo inaishia wapi? Kwenye Instagram, upana wa pikseli 1,080. Picha nzima haifiki megapikseli mbili. Ukurasa mzima wa gazeti la saizi hii hauhitaji hata megapikseli 12.

MPIRA UMBO LA YAI

Pikseli nyingi zina gharama nyingine ambayo muuzaji haitaji. Kamera isiyo na kioo ikipiga kimyakimya kwa shata ya kielektroniki, sensa inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Pikseli zikiwa nyingi na sensa ikiwa ya mwendo wa kobe, mstari wa chini unasomwa wakati mpira umeshasogea. Matokeo yake, mpira uliopigwa shuti unatoka umbo la yai, na goti la mpigaji linapinda upande ambao hakuna goti la binadamu linapinda. Sony A7R V, ile ya megapikseli 61, ni kamera tamu kabisa kwa mandhari na studio, na hata fokasi yake ni ya kisasa, lakini shata yake ya kielektroniki si ya kupigia shuti.

Mabango ya taa za LED pembeni mwa uwanja ni adui mwingine. Yanawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, sensa ya polepole inayaona, na picha inatoka na mistari mistari.

Nikon Z9 ya mwaka 2021 ilikuja na sensa yenye kasi kiasi kwamba Nikon waliiondoa kabisa shata ya chuma. Sony A9 III ikaenda mbali zaidi, ni fulu fremu ya kwanza inayosoma pikseli zote kwa mkupuo mmoja, ikipiga hadi picha 120 kwa sekunde. Mpira unabaki duara. Kasi hiyo inalipiwa kwa ubora, kwani ISO yake ya msingi inaanzia 250 na usiku wa manane si bingwa kuliko wenzake. Sony walijua hilo na bado wakaitoa kwa ajili ya watu wa michezo. A9 III pia inaweza kuhifadhi picha za sekunde moja nzima kabla kidole hakijabonyeza. Ni kama kuruhusiwa kupiga penalti baada ya kuona kipa ameruka upande gani, lakini sheria haijakataza.

Anayetaka vyote kwa pamoja, vipo. Z9 ina megapikseli 45.7 na A1 ina 50.1, zote zina kasi na fokasi ya daraja la juu. Kwa mpiga picha asiye na lenzi ya 400, pikseli hizo zina kazi ya maana: anakata katikati ya picha iliyopigwa kwa lenzi ya 300, anabaki na karibu megapikseli 20, na mchezaji anaonekana kama amevutwa kwa lenzi ya 450. Hapo mtetezi wa pikseli ameshinda bao lake halali. Ila aangalie bei, Dola 5,500 kwa Z9 na 6,500 kwa A1 zilipotoka. Na kukata picha iliyokosa fokasi ni kuukuza ukungu.

Desemba 1, 2022, kwenye Kombe la Dunia Qatar, Kaoru Mitoma wa Japan aliuwahi mpira uliokuwa unatoka, akaurudisha ndani, Ao Tanaka akafunga. Hispania wakaduwaa, Japan wakashinda 2-1, Ujerumani wakaaga mashindano. Dunia nzima ikagombana kwenye simu: mpira ulitoka au haukutoka? VAR ilisema bado uko ndani, mashabiki wakabisha. Kilichotuliza wengi ni picha moja ya Petr Josek wa AP, iliyopigwa kutoka juu kabisa ya uwanja, ikionyesha ukingo wa mpira bado umening'inia juu ya mstari kwa upenyo wa milimita chache. Ingekuwa na chenga kidogo, hakuna ambaye angejali. Ingekosa fokasi, isingekuwa ushahidi wa chochote.

AFCON HIYO INAKUJA

Kwa soka la ukanda huu jambo hili si la wapenda vifaa pekee. Agosti 2025 CHAN ilichezwa Tanzania, Kenya na Uganda, Taifa Stars ikaanza kwa kuichapa Burkina Faso 2-0 pale Benjamin Mkapa. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwenye nchi hizohizo tatu. Mashirika ya nje yatakuja na R1 zao, na Z9, na A9 III, na lenzi zenye ukubwa wa mtungi wa gesi. Wapiga picha wa nyumbani watakaa nao mstari mmoja, nyuma ya goli lilelile, kwa sekunde ileile.

Kama bao la Stars litapatikana na picha nzuri pekee ikawa ya shirika la nje, magazeti ya Dar es Salaam yatalipia kuonyesha furaha ya nchi yao wenyewe. Miaka 20 baadaye, mtoto akitafuta picha ya bao hilo, atakuta jina la mgeni chini yake.

Klabu nazo zimeanza kuwa na vitengo vya habari vyenye vijana wenye macho. Vijana wanajua kusubiri, wanajua straika gani anapenda kukata ndani, wanajua beki gani akifunga anakimbilia kibendera cha kona. Wanachokosa mara nyingi ni kamera inayowafuata na kasi ya akili yao. Ombi la kununua likifika mezani kwa bosi, bosi anafungua ukurasa wa sifa, anatafuta namba kubwa, anasaini.

Basi kama fedha ipo ya kamera moja mpya ya daraja la kati, fulu fremu za megapikseli 24 kama Canon R6 Mark II au Nikon Z6 III zinatosha kabisa, na kinachobaki kiende kwenye lenzi ya f/2.8. Kama fedha ni ya vilivyotumika tu, Sony A7 III ya 2018 yenye pointi 693 kama za A9, au hata kamera za kioo za zamani za michezo kama Canon 1D X na Nikon D4, zenye megapikseli 18 na 16, bado zinaimudu kazi pale straika anapochomoka. Ni nzito na zimechakaa rangi. Lakini zilijengwa kwa kumfuata mtu anayekimbia.

Na kabla ya kutoa hela, kamera ijaribiwe. Mtu mmoja asimame mita 40, akimbie kwa nguvu kumfuata mwenye kamera. Zipigwe picha mfululizo, kisha zikuzwe moja moja kwenye kioo cha nyuma na kuhesabiwa ngapi zimekaa kwenye nembo ya jezi. Zoezi lirudiwe jioni mwanga ukififia, na safari hii mtu wa pili akatize katikati. Duka likiwa halina uwanja, barabara ya mbele yake inatosha, na bodaboda ikipita kati ndiyo vizuri zaidi.